Maarifa ya Nyumbani: Rangi ya Taa Hupikwa Tanurini

Katika soko la Area 23, mtaa wenye watu wengi katika jiji la Lilongwe, taa za LED huuzwa pamoja na sabuni, viberiti na betri. Mnunuzi huishika taa mkononi, huiwasha mara moja, huikazia macho, kisha huuliza bei. Swali la pili aghalabu huwa ni kama taa hiyo itadumu. Muuzaji naye, kama ilivyo desturi ya wauzaji popote duniani, hujibu kwamba itadumu. Jambo ambalo wawili hao hawalizungumzi, na wala hakuna awezaye kuwalaumu, ni kwamba rangi ya nuru ile, na sehemu kubwa ya nguvu yake, viliamuliwa zamani katika tanuri lililokuwa na joto la mamia ya nyuzi za Sentigredi, mahali ambapo tofauti ya makumi machache tu ya nyuzi ingeweza kuugeuza ubuluu kuwa ukijani, au kuifanya taa isiwake kabisa.

Umbali wa kilomita arobaini na kitu kutoka hapo, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza katika enzi ya Rais Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya watu waliokimbia vita na machafuko kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao elfu kumi au elfu kumi na mbili sasa ina zaidi ya watu 50,000, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha wengi wao sokoni, kisimani na kanisani. Mwezi Mei 2023, kufuatia amri ya Serikali ya Malawi kwamba wakimbizi warudi kambini, wengi waliokuwa na maduka mitaani Lilongwe walirejeshwa Dzaleka, wengine wakiwa na mizigo michache tu waliyoweza kuibeba. Kwa jamaa wa namna hiyo taa si pambo la nyumba. Taa ni saa mbili za mtoto kusoma baada ya chakula cha jioni. Ni kazi ya fundi cherehani ambaye mteja wake anataka nguo asubuhi. Ni usalama wa mama anayenyonyesha usiku wa manane bila ya kuuweka mshumaa karibu na chandarua.

Hata kwenye nyumba zilizounganishwa na nyaya za umeme mambo hayakuwa rahisi. Kimbunga Ana cha Januari 2022 kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira katika mto Shire, na nchi ikapoteza kwa muda mrefu karibu theluthi moja ya umeme wake. Wakazi wa mjini waliokuwa wamezoea kubonyeza swichi walijikuta wakiulizia bei za taa za jua sawasawa na ndugu zao wa vijijini. Kwa hiyo inafaa kujua kitu hiki kidogo kinachong'aa ni nini.

Balbu ya zamani ilikuwa na uzi wa chuma uliopashwa moto mpaka ukawa mweupe, kiasi cha nyuzi 2,500. Sehemu kubwa ya umeme wake iligeuka joto, na sehemu ndogo tu ikawa nuru. Taa ya LED haimulikii kwa kuungua. Ndani yake mna kipande cha fuwele, chembamba kuliko ukucha na mara nyingi kidogo kuliko punje ya mtama, kilichotengenezwa kwa vitu viitwavyo semikondakta, yaani vitu ambavyo havipitishi umeme kwa wepesi kama shaba wala havikatai kabisa kama kioo. Umeme ukiingizwa, elektroni hupanda daraja la juu la nishati, kisha huangukia katika nafasi tupu za daraja la chini. Katika kuanguka huko kila moja hutoa chembe ya nuru. Daraja likiwa na kina kifupi nuru huwa nyekundu. Likiwa na kina kirefu nuru huwa buluu. Kina hicho hutegemea ni atomu gani zimepangwa katika fuwele, na kama atomu hizo zimepangwa kwa raha au zimebanwa.

Neno hilo la kubanwa ndilo kiini cha habari yote. Wanajeshi na polisi watalielewa upesi kuliko watu wengine. Fikiria uwanja wa gwaride ambao safu ya kwanza ya askari mia moja imesimama kwa nafasi zilizopimwa barabara. Safu ya pili inaletwa nyuma yake, lakini askari wa safu hii ni wapana zaidi, na kila mmoja ameamriwa asimame hasa nyuma ya mwenzake wa mbele. Mahali panapowatosha askari mia moja wa safu ya kwanza, hawa wapana wangesimama kwa raha wakiwa tisini na watatu tu. Wakilazimishwa kuwa mia, watabanana mabega. Safu moja itavumilia. Safu ya pili ya wapana ikiongezwa, wataanza kusukumana, na kabla ya ya tatu kukamilika mpango utavunjika: ama watu watapandiana katika makundi makundi, ama baadhi yao watatolewa nje na kuacha mapengo.

Hesabu ya mia kwa tisini na watatu haikubuniwa kwa ajili ya mfano. Ndiyo tofauti halisi, karibu asilimia 7, baina ya nafasi za atomu katika fuwele ya galiamu na aseniki na nafasi za atomu katika fuwele ya indiamu na aseniki. Mtaalamu akiiweka ya pili juu ya ya kwanza ndani ya chombo kisicho na hewa, tabaka la kwanza hutandaa vizuri. Kabla ya tabaka la pili kukamilika, mkazo huwa mkubwa mno, na atomu zinazoendelea kunyesha hujikusanya zenyewe katika vichuguu vidogo. Jambo hilo hujulikana kwa majina ya Stranski na Krastanov, wataalamu wawili wa Bulgaria waliolieleza kwa hesabu katika miaka ya 1930, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuwa na chombo cha kuviona vichuguu vyenyewe. Kila kichuguu kina upana wa nanomita zipatazo ishirini na kimo cha nanomita chache. Maelfu yake yangeweza kupangwa mstari mmoja katika unene wa unywele wa binadamu. Vichuguu hivyo ndivyo viitwavyo nukta za kwanta.

Nukta ikiwa ndogo hivyo, elektroni iliyonaswa ndani yake haina nafasi ya kutembea. Hapo huingia kanuni ambayo kila mpiga bendi anaijua bila ya kufundishwa: filimbi fupi hulia kwa sauti nyembamba, tarumbeta ndefu hulia kwa sauti nene. Kadhalika nukta ndogo hutoa nuru yenye wimbi fupi, inayoelekea buluu, na nukta kubwa hutoa nuru yenye wimbi refu, inayoelekea nyekundu. Vitu ni vile vile, mapishi ni yale yale, lakini ukubwa peke yake hubadili rangi. Mkazo nao huongeza lake, kwani fuwele iliyobanwa kutoka pande zote huwa na daraja lenye kina kirefu zaidi kuliko ile iliyo huru.

Sasa uje kwenye joto. Mama anayekaanga maandazi anajua kwamba mafuta yasipopata moto unga hunywa mafuta na kudorora, na yakizidi moto andazi huwa jeusi nje na bichi ndani. Mpishi wa nukta za kwanta ana shida inayofanana na hiyo, ila yeye hana pua ya kumwonya. Akipika kwa nyuzi 450 au chini ya hapo, atomu huwa zembe. Hutua na kukaa karibu na zilipoangukia. Matokeo yake ni nukta nyingi sana, ndogo, za ukubwa usiolingana, na katika fuwele hubaki kasoro ambazo huinyonya nishati bila ya kutoa nuru. Akipandisha joto mpaka nyuzi 500 na zaidi kidogo, atomu hupata nguvu ya kusafiri mbali kabla ya kutua. Nukta huwa chache, kubwa zaidi, na aghalabu zenye kulingana. Nuru hukolea. Lakini akiendelea kupandisha, jambo jingine hutokea: atomu za galiamu kutoka chini hupenya na kujichanganya na indiamu, na baadhi ya indiamu hupeperuka kabisa. Mchanganyiko huo hulegeza mkazo, kwa maana wale askari wapana sasa wamechanganywa na wembamba. Ila pia hubadili chakula chenyewe, na rangi ya nuru hurudi upande wa buluu.

Hapo ndipo penye mtego ambao umewasumbua wengi. Joto likipanda, ukubwa wa nukta huivuta nuru upande mmoja, na mchanganyiko wa atomu huivuta upande wa pili. Wachunguzi wawili katika vyumba viwili, kila mmoja akiwa mwaminifu, wanaweza kuandika majibu yanayopingana, kwa sababu mmoja alikuwa katika eneo ambalo ukubwa unatawala, na mwenzake katika eneo ambalo mchanganyiko unatawala. Zaidi ya hayo, nukta zikikua kupita kiasi mkazo hujipasua wenyewe: safu za atomu hukatika, na mipasuko hiyo huwa kama matobo katika ndoo. Elektroni huingia humo na nishati yake ikapotea kuwa joto. Kwa hiyo mkazo haustahili kuitwa adui tu. Bila ya mkazo nukta zisingejengeka, na mkazo ukizidi nukta hufa. Mtaalamu huupima kwa kuipoza sampuli hadi karibu na nyuzi 263 chini ya sifuri, akaimulikia leza, na kusoma rangi ya nuru inayorudi. Rangi ikiwa imesogea kidogo, amejua kilichotokea tanurini.

Nuru ya nukta hizo za indiamu na aseniki haionekani kwa macho ya binadamu. Iko upande wa infraredi, ile ile jamii ya nuru ambayo hutumiwa kupeleka ujumbe ndani ya nyuzi za kioo za simu na mtandao. Lakini hadithi ya mkazo na joto ni ile ile kwa taa nyeupe iliyoko sokoni Area 23, na kwa taa hiyo historia yake yafaa kusimuliwa polepole kidogo.

Taa ndogo nyekundu zilipatikana tangu miaka ya 1960. Ndizo zilizowaka katika redio na kikokotoo. Ya buluu ilishindikana kwa miaka thelathini, na bila ya buluu hakuna nyeupe. Kitu kilichohitajika kilijulikana: galiamu nitraidi, yaani galiamu na nitrojini. Taabu ilikuwa mahali pa kuioteshea. Wataalamu waliitandaza juu ya kipande cha yakuti samawi, jiwe linalovumilia moto mkali, lakini tofauti ya nafasi za atomu baina ya vitu hivyo viwili ni karibu asilimia 16, zaidi ya mara mbili ya ile ya gwaride la hapo juu. Galiamu nitraidi ilitoka na mikwaruzo, yenye nyufa, na yenye ukungu kama kioo cha bafuni. Makampuni makubwa yaliiacha.

Waliobaki walikuwa wachache. Katika Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Profesa Isamu Akasaki aliendelea na kazi hiyo pamoja na mwanafunzi wake Hiroshi Amano. Amano alijaribu zaidi ya mara elfu moja. Amesimulia mwenyewe kwamba siku moja mwanzoni mwa mwaka 1985 mtambo wao wa zamani wa kupasha moto ulikataa kufikia joto lililozoeleka. Badala ya kuzima na kwenda nyumbani, alipata wazo la kutandaza kwanza tabaka jembamba la alumini nitraidi katika joto dogo, ndipo aendelee na galiamu nitraidi katika joto kubwa. Fuwele iliyotoka ilikuwa angavu kiasi kwamba alidhani amesahau kuiweka. Utaratibu huo, wa tabaka la kwanza kwa nyuzi kama 500 na la pili kwa nyuzi kama 1,000, ulichapishwa mwaka 1986. Lile tabaka jembamba, lililopikwa kwa moto mdogo, hukaa baina ya jiwe na fuwele kama godoro, likapokea sehemu kubwa ya mkazo. Watu husema bahati. Lakini mitambo mibovu iko katika kila karakana duniani, na mara nyingi huleta hasara tu.

Shuji Nakamura, fundi katika kampuni ya Nichia kwenye jimbo la Tokushima, aliifuata njia hiyo kwa namna yake. Mwaka 1991 alilitengeneza tabaka la chini kwa galiamu nitraidi yenyewe. Mwaka 1992 alionyesha kwamba sehemu ya fuwele iliyokuwa ikikataa kupitisha umeme ipasavyo inaweza kuponywa kwa kupashwa moto wa nyuzi zaidi ya 700 ndani ya nitrojini, na mwaka 1993 taa ya buluu yenye mwanga mkali ikatangazwa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Profesa Akasaki alifariki mwaka 2021, akiwa ameona kazi ya mikono yake ikining'inia katika vibanda ambavyo hangeweza kuvijua majina.

Ili kupata buluu safi huongezwa indiamu kidogo. Indiamu ina tabia ya mgeni asiyependa joto: tanuri likiwa na nyuzi 1,000 hupeperuka isikae. Kwa hiyo tabaka lenye kutoa nuru hupikwa kwa nyuzi kama 800, au chini kidogo. Joto likishushwa zaidi, indiamu nyingi zaidi hubaki ndani na nuru husogea kuelekea kijani. Ungedhani basi kwamba kijani ni kazi rahisi, ya kushusha moto tu. Sivyo. Kadiri indiamu inavyozidi, ndivyo nafasi za atomu zinavyozidi kutofautiana na mkazo unavyopanda. Na katika fuwele za jamii hii mkazo huzaa nguvu ya umeme inayoivuta elektroni kushoto na nafasi yake kulia, zisikutane. Tena joto dogo lenyewe huacha kasoro. Ndiyo sababu hadi leo taa ya kijani hutumia umeme vibaya kuliko ya buluu, jambo ambalo mafundi duniani wanaendelea kuhangaika nalo.

Kutoka buluu kwenda nyeupe njia ilikuwa fupi. Mwaka 1996 Nichia ilianza kuuza taa ambayo fuwele yake ya buluu imefunikwa kwa unga wa njano. Sehemu ya buluu hupita, sehemu hugeuzwa njano, na jicho huvichanganya likaona weupe. Jambo hili linaweza kuthibitishwa nyumbani bila ya chombo chochote: zima taa, itazame kwa karibu, na kile kidoa cha njano kama kiini cha yai ndicho huo unga. Unga ukiwa mwingi au ukichanganywa na mwekundu, nuru huwa ya joto kama ya kibatari. Ukiwa mchache huwa kali yenye ubuluu. Kwa chumba cha kulala cha watoto ile yenye umanjano ni afadhali, maana nuru yenye ubuluu mwingi usiku huchelewesha usingizi.

Kuna ndugu wa nukta za kwanta ambao hawahitaji chombo kisicho na hewa, nao wameleta tuzo nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Alexei Ekimov, katika Urusi ya Kisovieti, alipika vioo vilivyotiwa chumvi ya shaba na klorini, kwa nyuzi kati ya 500 na 700, vingine kwa saa moja, vingine kwa saa 96. Ndani ya vioo hivyo ziliota fuwele za nanomita 2 hadi 30, na kadiri fuwele zilivyokuwa ndogo ndivyo kioo kilivyofyonza nuru ya upande wa buluu zaidi. Louis Brus aliona jambo lilo hilo katika vimiminika huko Marekani mwaka 1983. Kisha mwaka 1993 Moungi Bawendi, aliyezaliwa Paris na mwenye asili ya Tunisia kwa upande wa baba, alipata njia ya kuzipika zote kwa kipimo kimoja: kuingiza malighafi ghafla katika kiyeyushi cha moto, hapo mbegu za fuwele hutokea papo hapo, joto hushuka, mbegu mpya hukoma, kisha kupasha tena taratibu mpaka zikue hadi kimo kinachotakiwa. Yeyote aliyepika ugali kwa kutia unga kidogo kwanza katika maji yanayochemka ataona kwamba wazo lenyewe si geni, ingawa ustadi ni mwingine. Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Nukta za namna yao zimo katika baadhi ya televisheni za siku hizi, zikisafisha rangi nyekundu na kijani.

Sasa turejee kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye bati juu. Fuwele ikisha kutoka tanurini na kufungwa ndani ya taa, haijasamehewa na joto. Joto likizidi, daraja la nishati hupungua kina, rangi husogea kidogo, na nuru hufifia, kwa sababu elektroni nyingi zaidi hupotelea katika zile kasoro zilizobaki. Tabaka zilizounganishwa zikiwa na mkazo hutanuka kwa viwango visivyolingana, zikavutana kila taa inapowashwa na kuzimwa. Hata hivyo kitu kinachokufa kwanza katika taa ya bei ndogo mara nyingi si fuwele bali ni vile vifaa vya umeme vilivyo nyuma yake, ambavyo navyo huuawa na joto. Kwa hiyo balbu ya LED isifungwe ndani ya kifuniko cha kioo kisicho na tundu la hewa, wala isizungushiwe kitambaa au karatasi kwa urembo. Katika kununua, taa yenye mgongo wa alumini wa kutawanya joto ni bora kuliko ya plastiki tupu yenye mwanga ule ule. Ikiachwa imewashwa kwa nusu saa na mgongo wake ukawa moto kiasi cha kutoshikika, si taa ya kutegemea.

Taa ya jua ina maradhi yake. Wengi huiweka nzima juu ya bati tangu asubuhi hadi magharibi, betri ikiwa ndani yake. Betri za lithiamu huzeeka haraka zikichajiwa katika joto kali, na ndiyo sababu taa baada ya muda huwaka kwa saa chache kuliko ilipokuwa mpya, mwenye nayo akadhani ameuziwa bandia. Kama paneli ina waya wake, paneli iwe juani na taa ibaki ndani kivulini. Kama vyote ni kitu kimoja, isilazwe juu ya bati. Iegemezwe juu ya tofali au ubao, uso wa paneli ukilielekea jua na upande wa nyuma ukipata upepo.

Paneli yenyewe pia ni semikondakta, na nayo hulichukia joto, jambo linalowashangaza watu wengi wanaodhani kwamba jua likizidi kuwaka ndivyo umeme unavyozidi. Paneli hupenda mwanga, haipendi moto. Ile ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Ikipigiliwa moja kwa moja juu ya bati adhuhuri ya Oktoba, inaweza kufikia nyuzi 60, na paneli ya wati 20 ikatoa wati 17 hivi. Ikiinuliwa kwa vipande vya mbao, ikaachwa nafasi ya upana wa kiganja ili hewa ipite chini yake, sehemu ya hasara hiyo hurudi bila ya kulipiwa kitu. Vumbi nalo lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji asubuhi na mapema. Maji baridi yakimwagwa juu ya kioo cha paneli saa saba mchana, kioo hupata mkazo wa ghafla na huweza kupasuka.